Paka Amekufa, Mtoto Anauliza

Leo tuna swali ambalo watu wazima huona haya kuliuliza kanisani, ila watoto huliuliza bila kusita: mnyama tuliyemfuga na kumpenda akifa, anakwenda wapi?

Mwezi Desemba mwaka 2014 swali hili lilizunguka dunia. Magazeti makubwa, New York Times likiwemo, tena kwenye ukurasa wa mbele, yaliandika kwamba Papa Fransisko amemfariji mtoto aliyefiwa na mbwa wake kwa kumwambia kuwa paradiso iko wazi kwa viumbe vyote vya Mungu. Watu wengi walifurahi. Baada ya siku chache ikabainika kuwa jambo hilo halikutokea. Mwishoni mwa Novemba Papa alikuwa amefundisha juu ya uumbaji mpya. Gazeti la Italia likayaweka mafundisho hayo pamoja na kisa cha zamani kinachosimuliwa juu ya Papa Paulo wa Sita, na habari ilipovuka mipaka visa viwili vikawa kimoja. Magazeti yakasahihisha. Lakini kiu ya watu ilikwisha kuonekana: walitamani mtu mwenye mamlaka awaambie ndiyo.

Kwa nini ndiyo hiyo haikuwa imesemwa zamani? Kwa upande wa Kanisa la Magharibi, jina la kutaja ni Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274. Akimfuata Aristotle, Tomaso alifundisha kwamba mnyama naye ana roho, maana ana uhai, anaona, anasikia, anaogopa. Ila roho hiyo hufanya kazi zake zote kwa njia ya mwili, hivyo mwili ukifa nayo hukoma. Roho ya mwanadamu peke yake, kwa sababu ya akili, hudumu. Fundisho hilo limewaongoza wachungaji kwa karne nyingi, na ndiyo maana hata leo ukimuuliza padri au mchungaji kuhusu mbwa wako, mara nyingi jibu lake ni fupi.

Biblia yenyewe ina tahadhari zaidi. Fungua Mhubiri sura ya 3, kuanzia mstari wa 19. Mwandishi anasema mwanadamu na mnyama wana pumzi moja, hufa sawasawa, hurudi mavumbini sawasawa; kisha anauliza ni nani ajuaye kama roho ya mmoja hupanda juu na ya mwingine hushuka chini. Anaacha swali likiwa swali. Ukitoka hapo nenda Zaburi ya 36, utakuta Mungu akisifiwa kwa kuwaokoa wanadamu pamoja na wanyama. Nenda kitabu cha Yona, mstari wa mwisho kabisa: Mungu anaeleza kwa nini ameuhurumia mji wa Ninawi, anataja watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kulia na wa kushoto, halafu anaongeza mifugo. Kitabu kizima cha nabii kinamalizikia kwa ng'ombe na mbuzi wa watu wapagani. Mimi naona tunaupita mstari huo haraka mno.

Sasa naomba tukae kidogo na mtu mmoja, John Wesley. Huyu ndiye mwanzilishi wa Umethodisti huko Uingereza, kanisa ambalo wamisionari wake walianza kazi Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Wesley alitumia sehemu kubwa ya maisha yake juu ya mgongo wa farasi, akienda mji hadi mji kuhubiri. Mwaka 1781, akiwa na umri wa miaka 78, alitoa hotuba juu ya ukombozi wa viumbe wote, akitumia Warumi sura ya 8, pale Mtume Paulo anaposema kwamba viumbe vyote vinaugua, vikingoja kuwekwa huru na utumwa wa uharibifu.

Hoja ya Wesley inaanzia bustanini Edeni. Wanyama waliumbwa wakiwa wazuri na wenye furaha, na baraka za Mungu ziliwafikia kwa kupitia mwanadamu aliyewekwa awatawale. Mwanadamu alipoasi, njia hiyo ya baraka ikakatika. Wanyama wakaanza kuumia, kuliana na kupigwa. Nao hawakutenda dhambi yoyote! Wesley anauliza: je, Mungu mwenye haki na mwenye huruma kwa vyote alivyoviumba anaweza kuliacha jambo hilo hivyo hivyo milele? Anajibu kwamba haiwezekani. Anatumaini kuwa watarudishiwa uzima wao, na zaidi ya ule waliopoteza. Anathubutu hata kuwaza kwamba huenda wakapewa uwezo wa kumjua Muumba wao. Hayo ya mwisho anayaleta kama wazo tu.

Mwandishi mwingine, C. S. Lewis, alilichukua swali hili mwaka 1940 katika kitabu chake The Problem of Pain. Naye anaonya kwamba anakisia. Wazo lake ni kuwa mnyama wa nyumbani hupata utu wake, kama naweza kusema hivyo, kwa kuishi na watu wanaompenda. Basi huenda akafufuka ndani ya familia hiyo, kwa ajili ya bwana wake. Ni wazo zuri, na limewafariji wengi. Lakini mimi linanipa shida. Mbwa koko anayefukuzwa kwa mawe sokoni hana bwana. Punda wa mkokoteni anaye bwana, lakini bwana huyo anamjua kwa fimbo. Tumaini likitegemea mapenzi yetu, hao wawili wataachwa nje, na ndio walioumia zaidi. Tumaini la Wesley linasimama juu ya haki ya Mungu, kwa hiyo linawafikia hata wale wasioliliwa na mtu. Hapo ndipo mimi nasimama naye.

Naye Papa Fransisko, miezi michache baada ya mkanganyiko ule wa magazeti, alitoa waraka wake Laudato si', mwaka 2015. Karibu na mwisho wake ameandika kwamba katika uzima wa milele kila kiumbe, kikiwa kimegeuzwa kwa utukufu, kitakuwa na nafasi yake. Hakutaja paka wala mbwa wa mtu yeyote, lakini mlango haukufungwa.

Wapo watakaosema huku ni kuwasahau watu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalizungumzia hilo waziwazi: wapende wanyama, wasiteswe wala kuuawa bila sababu, ila usiwape upendo unaowastahili watu peke yao, wala usiwatumie fedha ambazo zingepaswa kupunguza taabu ya wanadamu. Nakubaliana nayo. Lakini nabii Nathani, alipotaka kuuamsha moyo wa Daudi, alimsimulia maskini aliyemlea mwanakondoo mmoja aliyekula naye, akalala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Nathani hakumcheka maskini yule. Na Mithali 12 mstari wa 10 inasema mtu mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake.

Basi, mzazi, mtoto akikujia analia kwa sababu ya paka, usimwambie kwamba ni paka tu. Wala usimhakikishie jambo ambalo Maandiko hayakulisema wazi. Mwambie kwamba Mungu ndiye aliyemuumba yule paka, kwamba Yesu alisema hata shomoro hawasahauliki mbele za Mungu, na kwamba Mungu ameahidi kuvifanya vyote kuwa vipya. Msaidie kuchimba shimo, mmzike, mshukuru kwa sala fupi. Kisha kesho yake mwangalieni pamoja punda wa jirani, kama amepewa maji.

Jioni ya leo, kama unayo Biblia karibu, soma Warumi sura ya 8 kuanzia mstari wa 18 hadi wa 23, ukiisoma kwa sauti ili na walio nyumbani wasikie. Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutajibu maswali mliyotutumia.