Imani na Marafiki Nyakati za Maradhi

Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa mwaka

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, mama zetu, na ndugu wanachama wote,

Mwenyekiti alituagiza tuseme machache juu ya mambo yaliyoipata jamaa yetu katika mwaka 2025, kwa kuwa wengi wenu mlikuwamo ndani yake. Tumeliitikia agizo hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kutoa shukrani. Ya pili ni kwamba mambo hayo yametuonyesha neno moja lipasalo kuingia katika kanuni za chama chetu, nalo tutalileta mbele yenu kabla ya kuketi.

Habari yenyewe ni fupi kuisema, ingawa haikuwa fupi kuiishi. Mwezi wa Machi mama yetu mzazi, akaaye nyumbani karibu na Wundanyi, alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kuume ulilegea wote, na ulimi ukawa mzito. Siku kumi na tisa baadaye, hapa Mombasa, mama wa watoto wetu alijifungua salama, kisha akatokwa na damu nyingi mno. Naye hajapata nguvu ya kusimama, mdogo wetu wa kiume, tunayeishi naye, akapimwa kikohozi chake kilichozidi majuma mawili, akaonekana ana kifua kikuu. Basi wagonjwa walikuwa watatu, nyumba mbili, mwendo wa kilomita karibu 200 kati yao, na mshahara mmoja.

Twataka kwanza kusema juu ya imani, kwa sababu watu wengi hutuuliza kama ilitusaidia. Ilitusaidia sana, walakini si kwa njia ambayo wengine hudhani. Haikumponya mama kwa usiku mmoja, wala haikusimama mahali pa tabibu. Wachungaji waliokuja kutuombea walianza kwa kuuliza kama dawa zimenunuliwa, ndipo wakapiga magoti. Imani ilitupa kitu cha kushika katika zile saa za usiku ambazo hapana daktari wala ndugu awezaye kuzifupisha. Kadhalika ilitukinga na uchungu wa kumtafuta mtu wa kulaumiwa.

Hilo la kulaumu, wazee wetu, si jambo dogo. Maradhi matatu yakiingia katika jamaa moja kwa muda wa miezi miwili, hawakosi watu wa kuuliza, "Mmemkosea nani?" Wako waliotushauri tumtafute aliyetuloga, na wako waliotutaka tutubu dhambi tusiyoijua. Mzee mmoja wa kanisa la nyumbani aliwajibu kwa upole. Alisema kwamba kiharusi ni mshipa wa damu kichwani ulioziba au uliopasuka, na kwamba shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo hulileta mara nyingi. Basi kila aliyekuja kuuliza na aende akapimwe shinikizo lake. Kisha akawakumbusha habari za Ayubu. Rafiki zake waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na siku hizo walikuwa faraja. Ubaya wao ulianza walipofungua vinywa kumtafutia kosa.

Sasa tuje kwa marafiki. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sisi tumejifunza kwamba kufaa kwenyewe ni kazi yenye saa yake na mwenyewe wake. Watu wengi wema walituambia, "Mkihitaji chochote, tuambieni." Twawashukuru kwa nia yao. Lakini mwenye dhiki hana nguvu ya kugawa kazi. Hata kujua anachohitaji kwamshinda. Waliotubeba ni wale waliochagua jambo moja, wakalishika hata mwisho.

Tuanze na mama. Jioni ile ya kwanza hospitalini jirani walifika na uji, kama ilivyo desturi njema ya kwetu. Muuguzi aliwazuia, akawaeleza kwamba mwenye kiharusi asipewe chakula wala maji mpaka apimwe kama aweza kumeza, maana chaweza kupita njia ya pumzi kikaingia mapafuni. Hawakukasirika. Waliuweka uji chini, wakauliza ni kazi gani basi iwafaayo. Wakaambiwa: asiyeweza kujigeuza hana budi kugeuzwa yapata kila saa mbili, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya kulalia. Akina mama wa kanisa waliandika zamu katika daftari la shule. Mama alipotoka hospitalini zamu ziliendelea nyumbani kwa majuma saba, na hakuna usiku hata mmoja uliokosa mtu. Hakupata kidonda hata kimoja.

Akina mama hao hao walikuwa wamefanya jambo jingine mapema, pasipo sisi kujua. Wote mwajua kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilishika mahali pa ule mfuko wa bima ya hospitali ulioanzishwa mwaka 1966. Sisi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75, na makato hayo humfaa mchangiaji, mwenzi wake na watoto wake. Mzazi hamo ndani yake. Mzazi hana budi kuandikishwa kwa jina lake mwenyewe, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mwezi wa Januari akina mama wale walichanga, wakawalipia wajane wa kikundi chao, na mama yetu akiwa mmoja wao. Fedha ile iliyotolewa kwa mtu mzima asiyeumwa ndiyo iliyomfungulia mlango alipougua.

Pili ni habari ya damu. Daktari alipotuambia kwamba mzazi yule ahitaji damu na akiba ya hospitali ni ndogo, tulijua kwamba fedha peke yake haitatuvusha. Damu ya mwanadamu haitengenezwi kiwandani. Hutoka mkononi mwa mtu mwingine, nayo haiwekwi miaka, bali huharibika baada ya majuma machache. Katibu wetu aliwapigia simu wanachama usiku ule. Asubuhi walikuwa vijana kumi na mmoja mlangoni. Watatu walirudishwa, mmoja kwa kuwa uzito wake haukufika kilo 50, na wawili kwa sababu nyingine za afya. Wanane walitoa, kila mmoja kiasi cha mililita 450. Baadhi yao hatukuwa tumesemezana nao hata siku moja. Kwa siku zile mtoto mchanga alilelewa na mama mmoja aliyeketi katika mkutano huu, naye ametukataza kulitaja jina lake.

Tatu ni mdogo wetu, ambaye ametupa ruhusa ya kusema haya, nasi twamheshimu kwa hilo. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na kwa kawaida huchukua miezi sita. Taabu yake si bei, ni urefu wake. Mgonjwa hupata nafuu mapema, akadhani amepona, akaacha. Ndipo ugonjwa hurudi, na huenda ukarudi mkali usiosikia dawa zile za kwanza. Kwa hiyo hutakiwa mtu wa kumtazama akimeza. Jirani yetu mwenye duka, Mwislamu, aliiomba kazi hiyo mwenyewe. Alisema kwamba kumzuru mgonjwa ni haki ya jirani yake juu yake, na kwamba yeye huwa macho kwa sala ya Alfajiri kila siku. Basi kila asubuhi kwa miezi sita alibisha hodi baada ya sala, akaketi kwenye ngazi, akamtazama akimeza vidonge, akaenda kufungua duka lake. Wakati huo wako waliopita mbali na mlango wetu, hata baada ya sisi sote wa nyumbani, na mtoto mchanga kwanza, kupimwa. Hatuwalaumu, hofu ya ugonjwa ni ya kale. Lakini mtu mmoja aketiye kwenye ngazi ya nyumba yako mbele ya mtaa mzima huondoa aibu kubwa.

Matokeo ni haya. Mama wa watoto wetu ni mzima, na mtoto anatambaa. Mdogo wetu amemaliza dawa, naye amethibitishwa kwamba amepona. Mama yetu anatembea kwa fimbo, na maneno yamemrudia, ila mkono wa kuume haukurudi, wala hatutarajii tena urudi. Twamshukuru Mungu kwa yote matatu, hata kwa hilo lililobaki.

Sasa neno letu, Bwana Mwenyekiti. Katika kitabu cha kanuni zetu mna maneno mengi juu ya mazishi: jeneza, gari la kusafirisha maiti, chakula cha wafiwa. Juu ya mgonjwa hamna hata mstari mmoja. Wema wote tuliousimulia ulitoka katika mioyo ya watu, si katika kanuni. Je, mwanachama asiye na jirani wa namna hiyo atafanyaje? Mzee wetu mmoja ametuonya kwamba kifo ni cha siku moja, bali ugonjwa hauna mwisho, na mfuko utakauka. Onyo hilo ni la busara. Walakini tazameni hesabu: zamu za usiku hazikugharimu chama kitu, damu haikugharimu kitu, na hodi ya alfajiri haikugharimu kitu.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. La kwanza, katibu aweke daftari la wanachama walio tayari kutoa damu. La pili, kila tawi liwe na watu wawili wa kupanga zamu pindi mwanachama augiliwapo. La tatu, kila mwezi wa Januari chama kiwalipie bima wazee wetu na wajane wasio na uwezo, kwa kadiri kamati ya fedha itakavyoona. Mfuko wa mazishi na ubaki kama ulivyo. Wafu wetu wastahili heshima yao.

Katika Injili ya Marko husimuliwa watu wanne waliomchukua mgonjwa wa kupooza, wakatoboa dari ili wamfikishe kwa Bwana. Majina yao hayakuandikwa. Twajua tu kwamba walikuwa wanne, na kwamba hapana aliyeachilia upande wake njiani. Chama chetu kina watu wa kutosha kwa kazi hiyo.

Mwenyezi Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu.