Masazo ya Mavuno na Haki ya Akina Mama



Mwaka 1857 Mfaransa Jean-François Millet alichora shamba lililokwisha kuvunwa. Mbele wapo wanawake watatu maskini, migongo imepinda, wakiokota masuke yaliyosazwa na wavunaji. Mbali nyuma yao twaona marundo makubwa ya mavuno na msimamizi juu ya farasi.

Sheria ya Musa, katika Mambo ya Walawi 19, ilimkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni. Masazo yalikuwa haki ya maskini na mgeni, wala si hisani. Naye Boazi alizidi: aliwaagiza watumishi wamwachie Ruthu masuke kwa makusudi.

Hapa Kigongo, kwa miaka mingi, akina mama waliwauzia abiria wa kivuko samaki na matunda. Saa za kungoja kivuko ndizo zilizokuwa shamba lao. Tangu Juni 2025 magari huvuka juu ya daraja la kilomita 3 hadi Busisi. Twamshukuru Mungu: mgonjwa wa Sengerema hacheleweshwi tena na maji. Lakini tujiulize, katika mavuno haya mapya, mama huyu ameachiwa pembe ipi?

Basi kila jumuiya ndogo ndogo iwasikilize akina mama hao, kisha tufuatane nao kwa viongozi wa kijiji kuomba mahali halali pa biashara, panapofikiwa na wasafiri. Tusingoje masuke yaanguke yenyewe.

Mungu awabariki.