Njia Imepita Mlangoni Petu
(Hotuba ya Katibu katika mkutano wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu)



Chama chetu kikuu kimetimiza miaka 10, nasi twamshukuru Mungu. Katika miaka hiyo tumejifunza kulima vizuri na kupima kwa haki. Sasa yatupasa kujifunza jambo la tatu, nalo ni kusafirisha. Kwa maana zao lisilofika sokoni ni sawa na zao lisilovunwa.

Sisi wa Mbeya na Iringa tumekaa kando ya njia kuu. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilipata shida ya kupitisha shaba yake kusini, na ndipo Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walipoazimia kuifungulia njia ya bahari. Kwa mkopo wa China usio na riba, reli ya TAZARA ilijengwa tangu 1970 hata 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata New Kapiri Mposhi, ikipita Makambako, Mbeya na Tunduma. Ilikusudiwa kubeba tani 2,000,000 kwa mwaka, lakini haijapata kufikia kiasi hicho. Vichwa vya treni vilichakaa, na mizigo mingi ikahamia barabarani.

Ndugu, nani kati yetu hajaona malori yakipanda Kitonga kwa taabu? Gharama ya mafuta na matairi hukatwa katika bei apewayo mkulima. Gari la moshi hubeba tani moja kwa mafuta machache kuliko lori, nalo huchafua hewa kidogo. Kwa hiyo hati ya maelewano ya kuifufua TAZARA, iliyotiwa sahihi Beijing mwezi wa Septemba 2024 mbele ya marais wa Tanzania, Zambia na China, yatuhusu sisi pia.

Lakini behewa halijazwi na mtu mwenye magunia 6. Huko Tunduma, tangu 2019, maofisa wa nchi mbili hukagua mzigo mahali pamoja. Hata hivyo mzigo usio na cheti cha afya ya mimea na cheti cha uasili hukwama. Mkulima mmoja akivifuata vyeti hivyo, nauli humaliza faida. Chama kikivifuata, gharama hugawanyika.

Wala tusitegemee mlango mmoja. Mwaka 2025 Malawi ilizuia mchele na ndizi kuingia kwake, na mwezi wa Aprili serikali yetu nayo ikazuia mazao yao kwa siku chache, hata mazungumzo yakaanza. Ndizi hazingoji mazungumzo.

Kwa hiyo Halmashauri yawaomba mambo matatu. Kwanza, leteni mazao ghalani siku zilizopangwa. Pili, acheni lumbesa. Sheria ya vipimo yaikataza. Tatu, kila chama cha msingi kichague mtu wa kujifunza karatasi za forodha.

Twajua mlanguzi huja na fedha mkononi, na mahitaji ya shule hayangoji. Ndiyo sababu tutatoa malipo ya kwanza siku ya kupokea mazao, na ya pili baada ya kuuza.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Njia imepita mlangoni petu nusu karne; tusiendelee kuwa watazamaji wake.