Rangi Isiyobanduka: Alumini, Titani na Fundi wa West Indies

Maneno ya mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa mafundi wa jua kali, mtaa wa West Indies, Eldoret

 

Nawashukuru viongozi wa mafundi kwa kunipa nafasi hii. Swali mliloleta ni hili: ile rangi inayong'aa kwenye fremu za madirisha, chupa za maji za wanariadha na vipuli vya masikio, ambayo haibanduki kama rangi ya brashi, hutengenezwa vipi? Na je, fundi wa hapa anaweza kuifanya? Kazi hiyo huitwa anodaizi. Mimi ni mwanahabari, si mhandisi. Wajibu wangu ni kuwaletea habari iliyochunguzwa, nanyi mpime wenyewe kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Rangi hutoka wapi

Tuanze na kitu mnachokiona kila siku. Tazameni ekzosi ya pikipiki pale inapotoka kwenye injini. Chuma cha pua kimegeuka rangi ya dhahabu, kisha zambarau, kisha buluu. Hakuna aliyepaka. Joto limeunganisha oksijeni ya hewani na chuma, ukatokea utando mwembamba sana. Mwanga ukipiga hapo, sehemu yake hurudi kutoka juu ya utando na sehemu hurudi kutoka chini yake. Miale hiyo ikikutana, rangi fulani huongezeka nguvu na nyingine huzimika. Ndivyo ilivyo pia kwa mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi la maji na kwa povu la sabuni: geuza kichwa kidogo, rangi nayo inageuka.

Anodaizi hufanya kazi hiyo kwa umeme badala ya joto. Chuma huunganishwa na upande wa chanya, huzamishwa katika maji yanayopitisha umeme, na utando huota juu yake.

Kwa titani, unene wa utando hufuata volti. Takribani volti 15 hadi 20 huleta rangi ya shaba na zambarau. Karibu na 30 unapata buluu. Ukipanda zaidi ya 50 inakuja manjano, kisha waridi, na karibu na 100 kijani. Hakuna rangi iliyoongezwa kutoka nje. Fundi anachagua rangi kwa kuzungusha kitufe cha volti.

Hapa kuna jambo la kutufikirisha. Utando huo ni titani na oksijeni, kitu kile kile kinachotumiwa kuzipa rangi za ukutani weupe wake. Mchanga wenye madini ya titani ulichimbwa Kwale na kampuni ya Base Titanium. Shehena za kwanza zilisafirishwa mwaka 2014, na uchimbaji ukafikia kikomo mwishoni mwa 2024. Mchanga ulitoka ukiwa mchanga. Thamani iliongezwa kwingine. Fundi anayegeuza kipande kidogo cha chuma kuwa pambo anaishika thamani hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Alumini ni tofauti. Utando wake ni mnene zaidi, hauna rangi, na una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Unakunywa rangi kama kitambaa. Mji wetu unaijua kazi ya kupaka nguo rangi tangu Rivatex ilipoanza miaka ya 1970, kwa hiyo fikirieni hivi: kwanza tunaifanya alumini iwe na "kitambaa" chake, kisha tunakichovya kwenye rangi, kisha tunafunga vitundu ili rangi isitoke.

Mbinu hii ina umri wa miaka 100 hivi. Ilianza kutumika viwandani Uingereza mwaka 1923, kukinga sehemu za ndege za majini zisiliwe na chumvi ya bahari. Urembo ulifuata baadaye.

Hatua za alumini

Kwanza ni usafi. Alama moja ya kidole chenye mafuta hubaki kama doa hadi mwisho. Alumini huoshwa kwa sabuni, husafishwa kwa kostiki soda, kisha husuuzwa sana.

Pili ni birika. Asidi ya salfa, ile ya betri za magari, hupunguzwa kwa maji hadi kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Umeme wa moja kwa moja wa volti 12 hadi 20 hupitishwa kwa nusu saa hadi saa moja. Waya wa kuning'inizia lazima uwe wa alumini au titani. Waya wa shaba utaliwa na asidi, na kazi itaharibika.

Tatu ni kuchovya kwenye rangi. Nne ni kufunga vitundu kwa maji ya moto sana.

Si kila alumini inafaa. Profaili za madirisha hukubali vizuri. Alumini iliyoyeyushwa kutoka kwa vyuma chakavu na kumiminwa, kama ile ya sufuria nzito, mara nyingi ina silikoni nyingi na hutoka ya kijivu yenye mabaka. Bati na nondo hazifai kabisa, asidi itazila.

Eldoret inasaidia wapi, inatatiza wapi

Birika la asidi linataka kukaa karibu na nyuzi 20. Likipata joto, utando huwa laini na wa unga. Mombasa fundi angehitaji kulipia mtambo wa kupoza. Sisi tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi yetu mnaijua. Umeme wenyewe hupasha birika, kwa hiyo kipimajoto ni lazima, lakini hali ya hewa iko upande wetu.

Mwinuko huo huo unatatiza hatua ya mwisho. Maelekezo mengi husema vitundu vifungwe kwa maji ya nyuzi 96 hadi 100. Hapa maji huchemka karibu na nyuzi 93. Kila mama aliyepika githeri Eldoret anajua maana yake: maji yanatokota, lakini maharagwe bado. Fundi anayefuata maelekezo ya pwani neno kwa neno atatoa kazi nzuri leo, na mwezi ujao mteja atarudi na rangi iliyofifia. Dawa ni ile ya githeri: muda mrefu zaidi, au mvuke ndani ya chombo cha presha kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Zipo pia chumvi maalumu za kufungia ambazo hufanya kazi chini ya kiwango cha kuchemka, lakini nyingi zina nikeli, ambayo ni sumu na inahitaji uangalifu wake.

Hatari

Ndugu zangu, hapa naomba tusikilizane vizuri.

Asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Ukigeuza, itachemka na kukurukia usoni. Jicho halina spea. Miwani ya kukinga macho, glavu ndefu, aproni ya mpira na maji safi ya kunawa viwe karibu kabla chupa haijafunguliwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Kijana wa kujifunza kazi naye ni mtu.

Birika linapofanya kazi hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Kwenye vibanda vyetu, anayechomelea yuko hatua mbili kutoka kwa jirani. Cheche moja inatosha. Kazi hii haiwezi kukaa kando ya mashine ya kuchomelea, wala ndani ya chumba kisicho na dirisha, wala nyumbani mnapolala na watoto.

Kisha kuna maji machafu. Mtaro wa mji huishia Sosiani. Sosiani huingia Kipkaren, Kipkaren huingia Nzoia, na Nzoia hufika Ziwa Victoria. Ndoo moja ya asidi inayomwagwa usiku haipotei. Inapita kwa watu wanaofua, wanaonywesha ng'ombe na wanaovua samaki. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inalihesabu jambo hilo kuwa kosa. Asidi iliyochoka hutulizwa polepole kwa magadi au chokaa, hupimwa kwa karatasi ya kupimia asidi hadi ikaribie 7, na tope linalobaki hukusanywa na mwenye leseni ya NEMA. Kama hamna mpango wa maji machafu, bado hamna biashara.

Kwa anayenunua

Wapo wanaouziwa profaili iliyopakwa rangi ya unga wakiambiwa ni anodaizi. Zote ni nzuri, lakini si kitu kimoja na bei si moja. Tazama kwa karibu. Kwenye anodaizi huona chuma kikimeta chini ya rangi, na ukikwaruza pembeni hakuna ngozi inayobanduka. Kwa madirisha, ulizeni pia aina ya rangi. Rangi za kuchovya, hasa nyekundu na waridi, nyingi hupauka juani. Shaba iliyoiva na nyeusi zilizowekwa kwa umeme na chumvi za bati hudumu zaidi.

Hatua ya kwanza

Ushauri wangu ni kuanza na titani. Kipande chembamba cha kutengenezea vipuli, maji yenye magadi ya kuokea, na chanzo cha umeme kisichozidi volti 30 vinatosha kupata shaba, zambarau na buluu, bila tone la asidi. Zaidi ya hapo volti zinaweza kuua; msipande bila fundi wa umeme aliyehitimu. Titani ni ghali kwa kilo, lakini kipuli hakifiki hata gramu chache. Ukiharibu, unasugua na kuanza upya.

Mkiona soko lipo, hapo ndipo mzungumzie birika la alumini, na mlizungumzie kama kikundi. Birika moja lililojengwa vizuri, lenye paa, hewa ya kutosha na tangi la kutulizia maji, ni bora kuliko ndoo 20 zilizofichwa nyuma ya vibanda. Njooni ofisi ya kaunti inayosimamia mazingira na ile ya biashara kabla ya kujenga, si baada ya kufungiwa. Kuuliza hakulipiwi.

Kazi ya mikono ya West Indies inajulikana. Tuiongezee rangi, na macho ya vijana wetu na maji ya Sosiani yabaki salama.