Yai Katika Nyumba ya Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bandari ya Mtwara)



Kamati iliponiomba ninene nanyi jioni hii, najua wengi walitaraji habari za mishahara na likizo. Niwieni radhi, nitanena habari za yai. Wapo watakaocheka, lakini karani aliyelala na njaa huandika hesabu kwa makosa, wala hapana cheo kinachoshibisha.

Bandari yetu hii ya maji marefu ilijengwa kwa ajili ya karanga. Mpango ule mkubwa ulianza mwaka 1947. Yakaletwa matrekta, ikatandazwa reli kwenda Nachingwea, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Tangu hapo huwaza kwamba chakula twakitafuta mbali kwa mashini, hali kuku apekua uani pasipo kudai mshahara. Yai moja la kadiri lina uzito wa gramu 50 hivi, na ndani yake mna gramu 6 hivi za protini, ijengayo mwili.

Sasa naungama kosa langu. Binti yangu wa kwanza alipotimiza miaka miwili alidhoofu, miguu ikawa myembamba, nywele zikapoteza weusi wake. Uani kwetu walikuwako kuku kumi na wawili. Mayai yote tuliyauza, na fedha tukanunulia sukari na chai. Mama mkwe, mtu mwema nimheshimuye sana, alituonya kwamba mtoto alaye mayai huwa mwizi, na mjamzito ayalaye huzaa mtoto asiye na nywele. Mimi niliyesoma nilikaa kimya, maana kimya kile kilinipa sukari. Mwuguzi alipomtazama mtoto aliniuliza neno moja tu: "Nyumbani mna kuku?" Mabwana, sikuwa na jibu.

Basi nawaelezeni tulivyojifunza.

Kwanza, lijue yai zima. Litie katika bakuli la maji. Likilala chini ni jipya; likisimama ni la siku nyingi, lipikwe upesi; likielea litupwe. Sababu yake ni kwamba ganda lina vitundu vidogo. Maji ya ndani hupungua, na hewa huingia mahali pake.

Asubuhi, chemsha. Litie polepole katika maji yanayochemka. Baada ya dakika sita kiini huwa laini, na baada ya kumi huwa kigumu. Litumbukize mara katika maji ya baridi, nalo litamenyeka bila taabu. Lafaa hata kuchukuliwa ofisini, pamoja na chumvi kidogo katika karatasi.

Kwa mtoto, piga yai moja, ulimimine katika uji unaochemka huku ukikoroga, uache uchemke dakika chache zaidi. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasipewe yai bichi wala lililoiva nusu, kwani laweza kuwa na vijidudu viletavyo kuhara.

Mchana, fanya mchuzi. Kaanga kitunguu, tia nyanya na bizari ya manjano, kisha tui jepesi. Likichemka tia mayai yaliyokwisha chemshwa na kumenywa, ukiyachanja kidogo ili viungo viingie. Tui zito litiwe mwisho, moto uwe mdogo, nawe ukoroge lisikatike. Mayai manne yatosha watu wanne kwa wali au ugali wa muhogo.

Usiku, karani arudipo amechoka, apike kimanda. Muhogo uliobaki ukatwe vipande, ukaangwe mpaka uwe rangi ya dhahabu, kisha umiminiwe mayai mawili yaliyopigwa na kitunguu, pilipili na chumvi. Geuza mara moja. Huyu ni ndugu wa chipsi mayai ya mjini, ila hana haja ya viazi vya kusafirishwa.

Neno moja la tahadhari. Nasema mayai ya kuku na kanga, si ya kasa. Kasa watagao katika mchanga wa Msimbati wamo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyowekwa mwaka 2000, na sheria yawalinda wao na mayai yao.

Binti yangu leo aenda shule kwa miguu yake mwenyewe. Mama mkwe hakuniambia kwamba nimemshinda, wala sikumwuliza. Lakini asubuhi moja nilimkuta jikoni akipiga yai katika uji wa mjukuu wa pili, naye akaniambia, "Bwana, usisimame mlangoni, wanizibia mwanga."

Mabwana, mrudipo nyumbani ulizeni: mayai ya nyumba hii yaliwa na nani? Mkisikia kwamba ni baba peke yake, au duka, basi kazi ya jioni hii haijaisha.