Chuma Kilichoshikana Hakipigwi Nyundo

Somo: Mwanzo 32:13-21 na 33:1-17

 

Fungueni Mwanzo 33. Wengi wetu tunaijua sura hii mpaka mstari wa 4, pale Esau anapomkimbilia ndugu yake, anamkumbatia, na wote wawili wanalia. Hapo mhubiri anapaza sauti, kwaya inaanza, nasi tunakwenda nyumbani tumefurahi. Leo nawaomba tuvumilie mpaka mstari wa 17. Lakini kwanza niwaambie habari ya pikipiki ya kanisa, maana wengi mmeniuliza ilifufukaje.

Mnaikumbuka ile Yamaha AG 100 ya zamani, yenye vibebeo mbele na nyuma, iliyokuwa inapeleka wainjilisti kwenye barabara ya Nyunzu. Mwaka 2017, vita vilipozidi huko, ilisukumwa ghalani ikaachwa. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za watu, liliingia na ghalani, maji yakasimama humo siku nyingi. Mwaka jana tulipoitoa, gurudumu la nyuma halizunguki, kiki haishuki, vitesi haviingii wala havitoki. Vijana wakasema, leteni nyundo.

Fundi wetu wa Kataki, ambaye ni mshirika wa kanisa, akaikataa nyundo. Akasema, «Pasta, chuma hiki hakijafa, kimeshikana. Ukipiga mkono wa vitesi, utapinda chuma cha ndani, au utapasua sanduku lenyewe, maana ni aluminiumu. Ukilipasua hilo, ndipo pikipiki imekufa kweli.»

Akaanza kutafuta mahali iliposhikwa. Alitoa mnyororo, gurudumu likazunguka, basi si breki. Akafungua kifuniko cha ambreyaji, akaitoa ambreyaji, injini ikazunguka kwa mkono, basi si pistoni. Ugonjwa ulikuwa ndani ya sanduku la vitesi. Nawapenda watu wanaouliza kabla ya kukemea. Kuna waombezi wanaoanza kukemea kabla mgonjwa hajasema anaumwa wapi.

Alipofungua burulo la chini, hayakutoka mafuta. Kilitoka kitu kama chai ya maziwa, kisha maji, kisha udongo. Hapo akanifundisha jambo ambalo sikulijua. Pikipiki ya aina hii ina mafuta mawili. Yako mafuta yanayoungua pamoja na esansi. Hayo hakuna anayeyasahau, kwa sababu yakikosekana injini inakufa njiani. Lakini vitesi vina mafuta yao peke yao, chini, mahali pasipoonekana. Hayaungui, hayatoi moshi. Mtu anaweza kuyasahau miaka mingi na pikipiki bado inatembea. Ndugu zangu, tunao watu kanisani wenye moshi mwingi wa kuimba na kunena kwa lugha, nami namshukuru Mungu kwa hayo, lakini kule chini, mahali panapogeuza nguvu kuwa mwendo, mna maji ya gharika.

Fundi alijaza sanduku lile mazutu iliyochanganywa na mafuta ya injini, kupita kipimo cha kawaida, ili mafuta yafike hata juu. Akailaza pikipiki upande wa kuume siku mbili, kisha upande wa kushoto siku mbili. Kila asubuhi alishika kile kigurudumu kidogo chenye meno kinachovuta mnyororo, akakisukuma mbele kidogo na nyuma kidogo, kwa mkono tu, kisha akaenda kwenye kazi zake. Siku ya sita kilicheza kiasi cha unene wa ukucha. Vijana wakapiga kelele, wakataka kukivuta mbele kwa nguvu. Yeye akakirudisha nyuma. Alisema kutu iliyong'oka ikisukumwa upande mmoja tu inajikusanya na kukaza tena, lakini ukienda na kurudi, mafuta yanapata njia. Siku ya tisa akamwagia sanduku maji ya moto, kwa sababu aluminiumu inapanuka kuliko chuma, na pale ilipokuwa imebana inalegea. Siku ya kumi na moja kikazunguka mzunguko mzima.

Hata hivyo hakuiwasha. Alilifungua sanduku lote, akatoa beringi mbili zilizoliwa na kutu, akaweka mpya, akasugua fimbo ambayo uma za vitesi zinatelezea juu yake. Hakuna jino hata moja lililovunjika. Akaweka mafuta mapya, akaendesha kidogo, akayamwaga. Akaweka mengine, akayamwaga tena, mpaka yaliyotoka yakafanana na yaliyoingia.

Sasa, mtu atasema, «Pasta anatufundisha kwamba muda unaponya.» Hapana! Pikipiki ile ilipewa muda, tena miaka saba na zaidi, na muda ule ndio uliozaa kutu. Siku kumi na moja zenye mafuta zilifanya kile ambacho miaka yote ile haikufanya. Kwa hiyo yule anayesema, «Mimi na fulani tumeachana kwa amani, tusisumbuane, Mungu anajua», namwambia kwa upendo kwamba hapo hakuna amani, ni ghala lenye maji.

Wazee wa ziwa hili wanaijua meli Liemba. Wadachi waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaileta mpaka Kigoma, wakaiita Graf von Götzen. Katika vita vya kwanza vya dunia ilikuwa adui wa Wabelgiji waliokuwa hapa kwetu, kwenye mdomo wa Lukuga. Mwezi wa saba 1916 Wadachi waliona wameshindwa, wakaizamisha wenyewe karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wao walizipaka injini grisi nene, maana walitumaini kurudi. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 meli hiyo ilirudisha wakimbizi wetu zaidi ya 75,000 kutoka ng'ambo. Huenda wewe unayesoma ulivuka ndani yake ukiwa mgongoni mwa mama yako. Chuma kile kilikaa chini ya maji miaka karibu minane, na pikipiki yetu ililoweshwa na gharika ya msimu mmoja. Grisi ndiyo iliyoleta tofauti.

Turudi kwa Yakobo. Alikuwa amemkosea Esau sana, kisha akakaa kwa Labani miaka ishirini. Miaka hiyo haikumwondolea hofu hata kidogo. Alipoambiwa Esau anakuja na watu mia nne, alitetemeka. Akafanya nini? Akatuma zawadi. Angalieni 32:16: hakuzituma zote pamoja, aliagiza waache nafasi kati ya kundi na kundi. Mbuzi, kisha nafasi. Kondoo, kisha nafasi. Ngamia, ng'ombe, punda. Alikuwa anamimina mafuta kidogo kidogo kwenye moyo uliokuwa umeshikana miaka ishirini. Na usiku ule kabla ya kukutana na ndugu yake, alipambana na Mungu mpaka alfajiri. Kumbatio la 33:4 lilitanguliwa na hayo yote.

Sasa endeleeni na mistari inayofuata. Esau, kwa furaha, anasema twende pamoja, nitakutangulia. Na Yakobo anakataa kwa heshima! Anamwita bwana wangu, anamwambia watoto bado ni wachanga, na mifugo wananyonyesha. Wakikimbizwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Anaomba atembee kwa mwendo wa watoto. Esau akarudi Seiri, Yakobo akaenda Sukothi, akajenga nyumba na vibanda vya mifugo. Biblia haisemi kwamba kumbatio lile lilikuwa la uongo kwa sababu hawakulala kijiji kimoja usiku ule.

Nasema haya kwa sababu ya jambo lililo kati yetu, na wahusika wote wawili wamenipa ruhusa niseme bila majina. Yuko mama mmoja ambaye mwanawe aliuawa katika vita vile vya Watwa na Waluba. Yuko baba wa upande wa pili ambaye nyumba yake ilichomwa na watu wa upande wa mama huyo. Wote wameokoka, wote wanakaa katika kanisa moja, yeye mlango wa kuume, yeye mlango wa kushoto. Ndugu wengine, kwa nia njema, walipendekeza tuwaite mbele Jumapili, waoshane miguu, wakumbatiane, na redio irekodi. Nilikataa. Mama yule angekumbatia, kwa sababu kanisa zima linamtazama. Lakini ndani jino lingevunjika, na nani angelisikia katikati ya vigelegele?

Najua wako watakaosema imani ya mchungaji imepoa, Mungu anaweza kwa dakika moja. Anaweza! Nimeona mwenyewe watu wakifunguliwa papo hapo. Lakini someni Marko 8:22-25: kipofu wa Bethsaida aliguswa na Yesu mara mbili, na katikati yake aliona watu kama miti inayotembea. Bwana hakumwambia ashuhudie kwamba anaona vizuri. Alimuuliza anaona nini, akamwekea mikono tena.

Kwa hiyo tulianza na vidogo. Mwezi wa pili yule baba alituma ndagala kidogo kwa mama, kwa mkono wa mtoto. Zikarudishwa. Tukangoja, tukaomba. Akatuma tena baada ya Pasaka, hazikurudishwa. Mimi na mke wangu tunamtembelea mama kila Alhamisi, na siku nyingine tunasikiliza tu habari za mwanawe, alivyopenda kuogelea, alivyomwita mama yake. Hiyo nayo ni kufungua burulo la chini: yatoke maji yote na udongo wote kabla ya kuweka mafuta mapya. Jumapili iliyopita, mlangoni, baba alisema, «Jambo, mama.» Mama akaitika, «Jambo.» Akapita.

Wazee wa kanisa, siku ya kukumbatiana hatujaiweka, wala msiniulize tarehe. Jumatano saa kumi jioni tutakuwa na maombi kwa ajili yao na kwa kila nyumba yenye jambo kama hili tangu vita. Njooni, na mwenye ndagala za kumpelekea mtu, azilete.