Jina la Jumuiya Kwenye Pasipoti ya Mkenya
Maelezo kwa wakazi katika baraza la wadi



Tangu Kenya ianze kutoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki mwaka 2017, swali moja halijaisha barazani: kwa nini jina la Jumuiya limewekwa juu, kabla ya Jamhuri ya Kenya? Wako wanaohofu kwamba uraia umehamishwa. Haujahamishwa.

Kwenye jalada hilohilo ipo nembo ya taifa, wale simba wawili, jogoo mwenye shoka na neno Harambee. Hiyo ndiyo inayoonyesha kitabu kimetolewa na nani. Jumuiya haina raia. Ina nchi wanachama, ambazo ni 8 tangu Somalia ijiunge mwaka 2024. Kifungu cha 12 cha Katiba kinampa kila raia haki ya pasipoti ya Kenya, na akipatwa na shida ugenini, ubalozi wa kukimbilia ni wa Kenya.

Hofu ingefaa ielekezwe kwingine. Wapo vijana wanaovukia Namanga au Taveta wakidhani maandishi hayo ni ruhusa ya kuajiriwa Tanzania. Sivyo. Pasipoti inawaingiza kama wageni, bila viza. Kazi inahitaji kibali cha nchi ile, na asiye nacho anaweza kushtakiwa na kurudishwa kwao. Kwa upande mwingine, tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na kadi ambayo wengi bado wanatembea nayo imeandikwa Jamhuri ya Kenya tu. Kinachofungua mpaka ni makubaliano ya serikali, si herufi za jaladani.

Hata kaunti ina alama zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka zisifanane na alama za taifa, ili mwananchi ajue ni serikali ipi inayomwandikia. Lakini picha peke yake si ushahidi, kwa kuwa matapeli nao wana mashine za kuchapisha. Mfanyabiashara akiletewa leseni au risiti asiyoielewa, aipeleke kwanza ofisi ya mapato ya kaunti, kabla ya kutoa hata shilingi.